Wakala aliyenipangia safari ya Niue akakosea siku

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike, na bado hazijapoa. Katika msimu wa nyangumi uliopita nilimlipa wakala mmoja wa safari hapa Auckland anipangie mapumziko ya siku nne kisiwani Niue. Sikumlipa kwa kushindwa kununua tiketi mwenyewe. Nilimlipa kwa sababu Niue ni kisiwa kilicho peke yake katikati ya bahari, ndege huenda huko mara chache kwa juma, vyumba vya wageni havitoshi, na jambo moja likiharibika msafiri hana pa kukimbilia.

Kosa lenyewe ni la siku. Kati ya New Zealand na Niue unapita mstari wa kimataifa wa tarehe, na majira yale Niue ilikuwa nyuma yetu kwa saa 23. Niliondoka Auckland Jumanne saa nne asubuhi, nikasafiri kwa muda wa saa tatu na nusu, nikateremka Uwanja wa Ndege wa Hanan Jumatatu saa nane na nusu mchana. Anayeishi kwa kuuza safari za visiwa vile analijua hilo, au hana haki ya kuziuza. Wakala wangu alipanga kila kitu kwa kalenda ya New Zealand: chumba kuanzia Jumanne, kurudi Jumamosi, na mashua ya kwenda kuwaona nyangumi, ambayo ndiyo iliyonifanya nifunge safari, Ijumaa saa nane mchana. Ndege ya kurudi iliondoka Niue Ijumaa hiyo hiyo alasiri, ikafika Auckland Jumamosi.

Basi nikasimama uwanjani na begi langu, na chumba changu kina mgeni mwingine hadi kesho yake. Nilipompigia wakala simu sikutaka zaidi ya neno la pole. Alinijibu kwamba tarehe zilikuwa kwenye karatasi, kwamba niliitia saini, na kwamba ofisi yake haihusiki na abiria asiyesoma. Kisha akakata simu. Hilo la kukata simu ndilo lililonikaa kooni. Nimezaliwa Unguja, katika nyumba ambayo mgeni aliyepotea huulizwa kwanza kama amekula, na yeye aliyenipoteza hakuniuliza hata nitalala wapi.

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa Alofi, mji mkuu wa Niue, aliyekuja kumpokea mwanawe. Aliniamkia, "Fakaalofa lahi atu," akachukua begi langu kabla sijamaliza kueleza. Usiku ule tulikula takihi, yaani magimbi na mapapai yaliyookwa katika tui zito la nazi, nikahisi nimerudi jikoni kwa bibi yangu. Tukakaa nje gizani. Kisiwa kile ni matumbawe yaliyoinuka juu ya maji, na kilindi huanza karibu kabisa na mwamba, kwa hiyo nyangumi wanaokuja kuzaa husogea jirani na nchi kavu. Niliwasikia wakipumua. Nililia, wala sioni haya kusema.

Hapo ndipo hukumu yangu inapoyumba, kwa kuwa chumba kingekuwa tayari nisingelala kwa mama yule. Na kwa haki, wakala alinisisitizia nibebe viatu vya soli ngumu. Bila hivyo nisingefika Togo, korongo la pwani ya Niue, ambako njia hutoka msituni ikapita katikati ya miamba iliyochongoka kama misumari, kisha mtu hushuka kwa ngazi hadi penye mchanga na minazi iliyojificha kati ya kuta za mawe. Msituni nilimwona uga, kaa wa nazi yule yule tunayemjua kisiwani Chumbe, kule Zanzibar. Huko Limu niliogelea katika maji maangavu ambayo sijapata kuyaona kwingine, kwani kisiwa hakina mto wa kuchafua bahari, na mvua yote huchujwa na mwamba. Siku ile ningempa wakala nyota tatu.

Kisha Ijumaa ikafika. Nilikuwa nimejaribu kuhamishia nafasi yangu siku nyingine, lakini mashua zote zilikuwa zimejaa, nami saa nane mchana nilikuwa kwenye foleni ya mizigo wakati wenzangu wakiwa baharini na nyangumi niliowalipia. Niliporudi nilimwandikia wakala anirudishie fedha za mashua tu. Akaniahidi punguzo la safari ijayo, iwapo nitaipanga kupitia kwake.

Nilianza kuandika nikikusudia kumpa nyota moja, kwa ajili ya viatu. Naiondoa. Mama wa Alofi amenialika msimu ujao, nami nitakwenda. Tarehe nimeshaziandika kwa mkono wangu kwenye karatasi mbili, moja ya siku za Auckland na moja ya siku za Niue.