Steshenari ya jirani na geti la chuo, Nyegezi

Chuo chetu ni kidogo, na matangazo ya nafasi za fildi (mafunzo kwa vitendo) tulikuwa tunayapata muda umeshapita. Siku hizi naanzia steshenari hii. Dada wa pale anabandika ukutani kila nafasi anayoiona, tarehe ya mwisho ameizungushia kalamu nyekundu. Nilipokwenda kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, alichukua cheti changu cha kuzaliwa, akakisoma taratibu, akasema: "Mdogo wangu, hiki hakijahakikiwa RITA, kule wanakosajili vizazi. Ukituma hivi utakwama." Hakunitoza hata mia, na sijamsahau. Printa ni ya zamani, jioni foleni ndefu, umeme ukikatika ndiyo basi tena. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nendeni asubuhi.