Mashine ya kuondoa unyevu ndani ya nyumba ya mawe: siku 11 Malindi

Assalamu alaykum, watazamaji. Mashine mnayoiona hapa ubavuni mwangu, yenye magurudumu mawili na mpira wa kutolea maji, ni mashine ya kuondoa unyevu ya aina inayotumiwa na mafundi wanaokausha majengo yaliyoingia maji. Kwa siku 11 imefanya kazi katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Malindi, Mji Mkongwe, baada ya tangi kupasuka usiku na maji kushuka ukutani hadi kwenye boriti. Niliitumia pamoja na feni mbili za kukaushia na kipima unyevu cha sindano mbili, na leo nitakuelezeni kipi kilistahili fedha zake na kipi nusura kinipotoshe.

Ndani ya mashine mna kompresa kama ya friji. Hewa hupita kwenye mabomba baridi, mvuke ukageuka matone, kisha hewa ikatoka kavu na yenye joto kidogo. Kwenye kibandiko mna tarakimu mbili za lita kwa siku: kubwa, iliyopimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, na ndogo, ya nyuzi 27 na asilimia 60. Watu wa nchi za baridi wana haki ya kuidharau ile kubwa, kwa sababu vyumba vyao havifiki hali hiyo, lakini Unguja wakati wa masika hali hiyo ni ya kila siku, na kwa siku mbili za mwanzo mashine iliikaribia sana ahadi yake. Baadaye ndoo zilipungua kwa kuwa chumba kilikuwa kinakauka, na hilo si kosa la mashine. (Bibi mwenye nyumba aliyaona maji yale meupe akauliza kama yanafaa kunywewa. Hayafai, yamepita kwenye vumbi na mabomba.)

Ubishi ulitokea juu ya madirisha, maana sisi nyumba ikiingia maji hukimbilia kufungua kila lililofungika. Chumba kilikuwa na upana wa mita 3, kama vyumba vingi vya Mji Mkongwe ambavyo upana wake umeamuliwa na urefu wa boriti za mkoko, kikiwa na urefu wa mita 8 na kimo cha mita 4. Hewa ya ujazo huo, katika hali ya masika, hubeba zaidi ya lita 2 za maji. Ukiacha dirisha wazi hewa hiyo hubadilika kila mara, nawe utakuwa unaikausha Bahari ya Hindi kwa umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla. Umeme wenyewe si haba: wati 750 kwa saa 24 ni yuniti 18 kwa siku, feni bado.

Feni zenyewe, zile za umbo la konokono, hazina mengi. Zinapuliza hewa chini chini na kuitambaza ukutani, zina kelele, na bila ya mashine zinahamisha unyevu tu kutoka ukutani kwenda hewani.

Kipima unyevu ndicho kilichonisumbua. Sindano zake hupima jinsi umeme unavyopita kati yake, na asilimia inayoonekana imepangwa kwa ajili ya mbao. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimejaa chumvi ya upepo wa bahari na pengine ya mchanga wa pwani, na chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Siku ya tisa kipimo kiligoma kushuka, nikadhani mashine imeharibika, mpaka nilipopima ukuta wa upande wa pili ambao haukuguswa na maji kabisa, nikakuta tarakimu karibu zile zile. Kwa hiyo ukutani kitumieni kwa kulinganisha, wala msikiamini peke yake. Kwenye boriti kinasema kweli zaidi. Huko nilisubiri kishuke chini ya asilimia 20, kwani mti unaobaki juu ya hapo hukaribisha kuoza.

Chumvi hiyo hiyo inatutaka tusiwe na pupa. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ukishuka chini ya hapo, huganda kuwa chembe, na chembe hizo zikikua nyuma ya plasta huibandua. Nilipoelekeza feni moja karibu mno na ukuta, chokaa ilianza kupukutika kwa siku moja. Niliisogeza, nikaiweka mashine kwenye asilimia 60, na upukutikaji ukapungua. Mahali palipopigwa plasta ya saruji palikauka kwa shida kuliko pote, kwa sababu saruji huyafungia maji ndani.

Wanaotafuta mashine zilizotumika kutoka Marekani wasome kibandiko kwanza. Nyingi ni za volti 115 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma itashusha volti, lakini haitabadilisha hezi, na kompresa itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Kama fedha zangu zingetosha kitu kimoja, ningenunua kipima unyevu, na mashine ningeikodi. Ya Malindi tumeizima siku ya 11, boriti zilipokuwa salama. Ukuta wenye unene wa nusu mita bado una maji katikati yake, na nimemwomba fundi mwashi asiupige chokaa mpya mpaka kaskazi iuvumie.