Tulipie barabara kizuizini au shelini?

Tuktuk ikitia lita nne za petroli pale Buxton, Mombasa, shilingi 100 ni za barabara. Tozo ya matengenezo ilipanda Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Huioni, imejificha ndani ya bei. Ndiyo maana watu wakisikia habari ya kulipia barabara kizuizini, pale gari linaposimamishwa lilipe ndipo lipite, huwaka: tulipe mara mbili?

Kizuizi kina haki yake, asiyepita halipi. Shelini hata mwenye jenereta ya duka anachangia lami, na haina magurudumu! Lakini mtu wa Kisauni anayekuja mjini ataliepukaje daraja la Nyali? Weka kizuizi hapo, foleni ya asubuhi ifike Kongowea. Mimi nabaki shelini, mradi zile 25 nizione zikiziba mashimo.