Serengeti ya 1959 au sangara wa Mwanza, uanze na ipi?

Ukitafuta dokumentari ya kumwonyesha mtu Tanzania, mbili zinatajwa sana, ile ya Bernhard Grzimek ya Serengeti (1959, ilibeba Oscar) na Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper (2004) ya sangara wa Mwanza. Ya kwanza we kaa tu uangalie, wanyama wanahesabiwa kutoka kwenye kindege kilichopakwa mistari ya pundamilia, na unaelewa kwa nini mipaka ya hifadhi inagombana na njia za nyumbu, ila Wamasai wa pale ni kama wapita njia tu na hapo ndo inaponikera. Ya Sauper sasa, aisee, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya halafu wenyeji wanabaki na mapanki, vichwa na mifupa vimeanikwa juani vikisubiri kukaangwa. Kikwete aliikosoa hadharani 2006, na kweli mji wote umepakwa giza, utadhani Mwanza hakuna hata harusi. Watoto wawekee Serengeti, mtu mzima mimi nampa ya sangara moja kwa moja, ila asiangalie akiwa anakula.