Bastola CZ 75 iliyotumika, kwa mwenye bajeti ndogo naipa kura yangu

Wakuu, hela ya bastola mpya sikuwa nayo, nikaichukua hii CZ 75 kwa mzee mmoja hapahapa Tanga aliyekuwa anaimiliki kihalali. Kabla sijatoa hata shilingi tulianzia polisi, maana leseni ya mwenzako haikufuniki wewe, na namba iliyogongwa kwenye chuma lazima ifanane na ya kwenye karatasi, ikipishana hata tarakimu moja ondoka.

Chuma cha Mcheki hiki, kimetoka tangu 1975, chote ni chuma kitupu karibu kilo nzima, kiunoni kinachosha kweli ila ukifyatua hakikurushi mkono. Kilichonipa presha ni kutu. Huku kwetu upepo wa bahari unakula mpaka bawaba za mlango, kwa hiyo nikaomba aifungue, nikamulika mtutu na tochi ya simu, mistari ya ndani inayoizungusha risasi ikaonekana safi na makali yake yapo, rangi ya nje imechubuka pale inapogusa mfuko na hilo halinisumbui. Springi ya magazini, kile kikasha cha risasi, ndo ilikuwa imelegea, hiyo ni ya kubadilisha tu.

Kulikuwa na Makarov, bastola ya Kirusi, ya bei chini zaidi, nikaiacha. Yenyewe inakula risasi za 9x18, hii inakula za 9x19 (ni vipimo vya risasi kwa milimita), na hazibadilishani kabisa, na 9x19 ndo imeenea zaidi.

Bei ikibana msiibane ya sefu ya kuifungia jamani, nyumbani kuna watoto.