Uzoefu Wangu na Rekodi za Maya Plisetskaya: Ipi Uitafute, Ipi Uiache

Rekodi za Maya Plisetskaya, mchezaji bale mashuhuri wa Urusi ya Kisovieti, ziko tele, kwenye diski na mtandaoni, na ubora wake umepishana vibaya. Nimezitazama kwa muda mrefu, toleo moja baada ya jingine, na msimamo wangu ni huu: kinachomharibia Plisetskaya si uzee wa filamu, ni jinsi ilivyohamishwa kutoka kwenye utepe. Filamu ileile inaweza kuwa hazina katika nakala moja na hasara tupu katika nyingine.

Anza na filamu ya bale ya Ziwa la Batamaji ya 1957, iliyoongozwa na Zoya Tulubyeva, Nikolai Fadeyechev akiwa mwana wa mfalme. Ni filamu ya rangi, na imefupishwa sana. Haifiki saa moja na nusu, na katika muda huo huo kamera hutoka jukwaani ikawaangalia watazamaji, kwa hiyo anayetaka muziki wote wa Tchaikovsky atafute kwingine. Hata hivyo, ukiniambia nichague moja tu, nachukua hii. Plisetskaya alizaliwa Moscow Novemba 1925 na kuingia Bolshoi, kundi kuu la bale la Moscow, mwaka 1943. Hapa yuko kwenye ubora wake, na ndiyo miaka ile wakubwa wa Kisovieti walikuwa wamemfungia mlango. Bolshoi ilipokwenda London mwaka 1956, yeye aliachwa nyumbani. Alingoja hadi ziara ya Marekani ya 1959.

Sababu zilianzia kwenye familia. Baba yake, Mikhail, aliyewahi kupelekwa Spitsbergen kusimamia machimbo ya Kisovieti ya makaa ya mawe, aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1938. Mama yake, Rachel Messerer, mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, alikamatwa akiwa na mtoto mchanga na kupelekwa kambini Kazakhstan. Maya alilelewa na mama yake mdogo, Sulamith, na mjomba wake Asaf alikuwa karibu. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Bolshoi. Nayataja haya kwa sababu ukimtazama akiwa Odile, batamaji mweusi mdanganyifu, mwaka 1957 ukiyajua, unaelewa ile shingo iliyonyooka na macho yasiyomwomba mtu kitu.

Katika filamu hiyo tazama mwisho wa tendo la pili, Odette, batamaji mweupe ambaye pia anachezwa naye, anapoondoka jukwaani huku ametupa mgongo. Wimbi la mkono linaanzia kwenye bega, linashuka kwenye kiwiko, linapita kifundo, na vidole vinamaliza mwisho kabisa. Mkono wa pili haufuati sawasawa na wa kwanza. Unachelewa kidogo tu. Hapo ndipo pa kupimia nakala yoyote kabla hujatoa hela. Ukiona vidole vimegeuka ukungu, picha imebanwa mno. Ukiona mistari ya mlalo imejichora kama meno ya kitana pembeni mwa mkono, hiyo ni picha ya mistari iliyopishana, na dawa ipo: kwenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video, bonyeza herufi D, kisha katika menyu ya video chagua njia ya Yadif (2x). Mkono unarudi kuwa mkono.

Katika tendo la tatu usikae kungojea ile mizunguko 32 ya mguu mmoja. Plisetskaya alijulikana kwa kuiacha na badala yake kuzunguka jukwaa kwa kasi katika duara. Wapo wanaodhani filamu imekatwa pale; sivyo, ndivyo alivyocheza, na mimi naona duara lake linamfaa Odile kuliko kusimama mahali pamoja.

Tatizo la pili, na ndilo baya kuliko yote, ni picha kukatwa juu na chini. Nyingi ya filamu hizi zilipigwa kwa umbo la 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Mtu akizilazimisha zijaze skrini ya 16:9 bila kuzitanua, robo nzima ya kimo cha picha inakwenda. Kwenye tamthilia unaweza kuvumilia. Kwenye bale, robo hiyo ni miguu. Ule mruko wake maarufu akiwa Kitri, msichana mhusika mkuu wa bale ya Don Quixote, mguu wa nyuma ukipanda hadi karibu na kichwa, unaliwa pande zote mbili: juu unapoteza mkono, chini unapoteza sakafu, na bila sakafu huwezi kujua ameruka juu kiasi gani. Kilichokatwa namna hii hakuna kitufe cha kukirudisha. Iliyotanuliwa tu, ambapo wachezaji wanaonekana wafupi na wanene, inarekebishika: bonyeza A kwenye VLC hadi ufike 4:3. Nakala nzuri ina weusi kushoto na kulia mwa picha. Usiuogope weusi huo.

La tatu ni kasi. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni za Ulaya zilitumia 25. Nakala nyingi za zamani zilipandishwa tu, kwa hiyo kila kitu kinakwenda haraka kwa takriban asilimia 4 na muziki unapanda kidogo. Kipimo rahisi ni ule wimbo wa oboe wa batamaji katika tendo la pili. Noti yake ya kwanza ni kile kitufe cheusi cha kinanda kilicho kati ya F na G. Ikisikika karibu na G kamili, kasi imepandishwa. Weka kasi kwenye 0.96, lakini uzime kwanza kipengele cha kunyoosha sauti katika mipangilio ya sauti, la sivyo mwendo utapungua huku sauti ikibaki juu. Asilimia 4 ni kubwa kuliko inavyoonekana: Batamaji Anayekufa, ile ngoma ya dakika chache ambayo Mikhail Fokine aliitunga kwa ajili ya Anna Pavlova, inapoteza sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatoka kwenye pumziko ambalo Plisetskaya alilitunza kuliko kitu kingine. Aliicheza ngoma hiyo hata baada ya kutimiza miaka 60. Tafuta rekodi mbili za umri tofauti uzilinganishe. Mikono haizeeki, ila miguu inafanya hatua chache zaidi za kujihifadhi.

Carmen ni habari nyingine. Bale hii ilionyeshwa mara ya kwanza Bolshoi tarehe 20 Aprili 1967, ikitungwa na Alberto Alonso kutoka Kuba, na muziki wa Bizet ulipangwa upya na Rodion Shchedrin, mume wa Plisetskaya tangu 1958, kwa nyuzi na ala za kugonga peke yake. Waziri wa utamaduni, Yekaterina Furtseva, alichukizwa nayo. Zipo filamu mbili: moja akiwa na Fadeyechev kama José, askari anayempenda Carmen, nyingine na Alexander Godunov. Napendelea ya Fadeyechev, kwa sababu Carmen anahitaji mwanamume mtulivu wa kumchokoza. Pima sauti mwanzoni kabisa: kengele zinapiga Habanera taratibu juu ya nyuzi zilizoshikilia noti moja. Kama kengele hizo hazisikiki, aliyesafisha mikwaruzo amefuta na muziki.

Angalizo kwa wanunuzi wa Anna Karenina. Filamu ya 1967 ya Alexander Zarkhi si bale. Plisetskaya yumo, lakini anaigiza Betsy, mwanamke wa tabaka la juu, kwa maneno. Bale yenyewe, kwa muziki wa Shchedrin, ilianza jukwaani 1972, na filamu yake iliongozwa na Margarita Pilikhina mwaka 1974, Godunov akiwa Vronsky, mpenzi wa Anna. Mavazi ya Cardin, mbunifu wa mitindo wa Paris, ni mazuri mno, ila kamera inakimbilia nyuso wakati miguu inaendelea na kazi, na hilo halina tiba kwa sababu ndivyo ilivyopigwa.

Unapotafuta, andika jina kwa herufi za Kirusi, Майя Плисецкая, pamoja na mwaka. Kwa herufi za Kilatini utaletewa vipande vya dakika mbili mbili vilivyonakiliwa mara nyingi. Na usiipite filamu ya Mabingwa wa Bale ya Kirusi ya 1953, ambamo Plisetskaya ni Zarema, mke wa khan mwenye wivu, na Galina Ulanova ni Maria, mateka anayeonewa wivu huo, katika bale ya Chemchemi ya Bakhchisarai. Nakala zake nyingi zimefifia rangi. Ichukue hata hivyo, mradi fremu ni kamili, kwa sababu katika chumba cha Maria mmoja anashambulia kwa mwili mzima na mwenzake anajibu kwa kugeuza kichwa tu, na unahitaji kuwaona wote wawili kwa wakati mmoja.