Mapango Yale Yale Mara Tatu: Uzoefu Wangu na Gemu za Spiderweb Software

Hadithi moja ya gemu ya kompyuta nimeilipia mara tatu. Mara ya kwanza iliitwa Exile, ya pili ikaitwa Avernum, ya tatu ikaitwa Avernum: Escape from the Pit. Mapango ni yale yale, watu ni wale wale, na Kaizari Hawthorne ninayekwenda kumtoa roho ni yule yule. Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa gemu za magari, aliwahi kuniuliza kama huwa nasahau kwamba nimeshainunua. Siku ile nilicheka tu. Leo namjibu, kwa kirefu.

Spiderweb Software ni kampuni ya Seattle, Marekani, aliyoianzisha Jeff Vogel mwaka 1994. Ukisikia kampuni usifikirie jengo lenye lifti. Ni mtu na mkewe, na wachoraji wa kukodi wanaokuja na kuondoka. Gemu ya kwanza, Exile: Escape from the Pit, ilitoka 1995, ikaanzia kwenye Macintosh kabla ya kufika Windows, na iliuzwa kwa mtindo wa sheawea. Waliozaliwa juzi nawafafanulia: ulipewa gemu bure, ukaruhusiwa kumgawia yeyote, ukacheza hadi mahali njia inapofungwa. Ukitaka kujua kilichoko ng'ambo, unalipa na kuletewa namba ya kufungulia. Hakukuwa na duka wala sanduku lenye picha ya joka. Gemu ilisafiri kwa disketi, kwa simu za modemu na kwa sidii za kwenye magazeti ya kompyuta.

Mtindo huo ulikuwa na siri yake. Muuzaji asiye na pesa ya tangazo hana budi kuiacha kazi yenyewe imsemee, kwa hiyo kile kipande cha bure ndicho kilipaswa kuwa kizuri kuliko vyote. Wengine walikupa chumba kimoja na mlango uliofungwa. Vogel alikupa miji kadhaa, mashimo ya kupotelea na watu wa kuzungumza nao, na ulipofika kwenye kizuizi ulikuwa umeshakuwa na wasiwasi juu ya watu wa kule chini kana kwamba ni jamaa zako.

Mimi niliingilia mlango wa nyuma. Sidii niliyoazimwa ilikuwa na demo zaidi ya mia, nikafungua moja iliyoitwa Exile III: Ruined World, ya 1997, kwa sababu lilikuwa faili dogo na kompyuta yangu ilikuwa imejaa. Picha zilikuwa vijiraba vidogo, watu wamesimama kama kete. Nikasema nitaipa dakika kumi.

Katika Exile III unaongoza kikosi cha watu sita kutoka chini ya ardhi. Mnatumwa juu, kwenye bara la Valorim, mkatazame kuna nini. Mnakuta nchi inaliwa na tauni za viumbe: mkoa huu matope yanayotembea, kisiwa kile mende wakubwa, kwingine majitu. Hakuna anayejua zinatoka wapi. Kazi ni kutafuta chimbuko la kila tauni na kulizima. Hadi hapo ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni kwamba kalenda ya gemu inahesabu siku, na siku hizo zina meno.

Kulikuwa na mji niliouzoea kwa kununua mishale. Nilimjua mwenye duka, nilijua mlango upo upande gani, nilikuwa naingia bila kutazama. Nikapata kazi ya mbali, nikazurura, nikalala nyumba za wageni nipone majeraha, nikabeba mzigo huku na huko kwa faida kidogo. Niliporudi, ukuta wa mji ulikuwa na tundu, nusu ya watu hawapo, na duka langu la mishale limebaki kaunta tupu. Hakukuwa na muziki wa huzuni wala maandishi ya kunilaumu. Nilisimama pale nikipiga hesabu ya siku nilizozilala. Gemu ngapi hukwambia dunia inaangamia, kisha zinakungoja wiki tatu uvue samaki? Hii haikungoja. Nimecheza gemu za mamilioni ya dola tangu hapo na sijaona nyingi zilizothubutu hivyo, kwa sababu kubomoa mji ulioujenga kwa jasho ni kitu kinachomuuma mtengenezaji kabla hakijamuuma mchezaji.

Baada ya hapo nilirudi mwanzo, kwenye Exile ya kwanza. Dola inatawala dunia nzima ya juu, na yeyote asiyeipendeza, awe mwizi, mchawi mkaidi au mtu mwenye mdomo tu, anasukumwa kwenye lango la kichawi na kuangukia mapangoni. Lango ni la kwenda bila kurudi. Unatua chini, unapewa nguo na silaha duni, na kuanzia hapo shauri yako. Ukitoka nje ya ngome ndipo unagundua kwamba wafungwa wamejenga nchi. Wanalima uyoga, wanafuga mijusi, wana mfalme, majeshi, mabaa na kodi. Gemu haikulazimishi lengo moja. Yako matatu makubwa: kutafuta njia ya kutoka, kumuua jini mkuu Grah-Hoth, au kupenya hadi ikulu ya juu na kumlipizia kisasi Hawthorne. Unaweza kufanya moja ukatosheka. Mimi nilianza na kisasi. Kila nikiicheza upya huwa naanza na kisasi.

Exile II: Crystal Souls, ya 1996, ndiyo watu wengi wanayoipenda kuliko zote, kwa sababu ya Vahnatai, taifa la kale linaloamka chini zaidi ya mapango na kukuta wageni wamehamia kwao. Mimi naiweka ya pili. Hapa najua nitagombana na watu.

Sasa tuje kwenye kurudiarudia. Mwaka 2000 Exile ikatengenezwa upya kwa jina la Avernum: unaitazama kwa mshazari badala ya utosini, kikosi kimepunguzwa kutoka sita hadi wanne, mazungumzo yameandikwa upya. Mwaka 2011 Avernum nayo ikatengenezwa upya. Ya pili ikafuata 2015, ya tatu 2018. Kisha Geneforge, gemu nyingine ya Vogel iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2001, ikarudi 2021 kama Geneforge 1: Mutagen, na Geneforge 2 ikarudi 2024. Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la rafiki yangu wa magari, unamwona mtu anayeuza shati moja kwa rangi tatu.

Lakini jaribu kuifungua ile Exile ya Windows kwenye kompyuta ya leo. Ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa programu za namna hiyo. Bila kiigizi cha mashine ya zamani haifunguki. Gemu nyingi za enzi ya sheawea zimekufa kifo hicho: faili lipo, mlango wa kuingilia haupo. Vogel kila baada ya miaka kadhaa anaihamisha nyumba nzima, fanicha kwa fanicha, na njiani anatupa makochi yaliyovunjika. Katika Avernum ya 2011 nilikuta vyumba ambavyo havikuwapo na kazi mpya za kutumwa, huku watu niliowazoea wakisema mambo ambayo zamani hayakuwepo. Nilichokosa ni ule uhuru wa kuwajenga watu wako ovyo ovyo hadi waharibike. Toleo jipya linakulinda usikosee, nami kukosea ndiko kulikonifunza toleo la kwanza.

Kama ningeambiwa nichague moja tu nibaki nayo, si Avernum. Ni Geneforge.

Wewe ni mwanafunzi wa Shapers, watu wenye elimu ya kuumba viumbe hai. Chombo chako baharini chenyewe ni kiumbe. Kinashambuliwa, kinakufa, unatupwa kwenye kisiwa cha Sucia, ambacho watu wako walikihama na kukipiga marufuku karibu miaka mia mbili nyuma. Waliacha watumishi wao, serviles, viumbe walioumbwa kutii. Miaka mia mbili bila bwana ni mingi. Wengine bado wanafagia sakafu wakisubiri mrudi. Wengine wamekaa wakafikiri, wakaona wao ni watu kama nyinyi na wanataka kuzungumza. Wengine wanakuchukia na wanatamani uondoke duniani. Unatembea katikati yao ukiwa na uso wa bwana, na kila unayemsemesha anatazama utakuwa bwana wa aina gani.

Kuumba kwenyewe kuna hesabu inayonifurahisha hadi leo. Una akiba ya nguvu inayoitwa esensi. Ukiumba fyora, mjusi anayetema moto, anachukua kipande cha akiba hiyo na kukishikilia maadamu yu hai. Unaweza kumwongezea nguvu au wepesi, na unaweza kumnunulia akili. Akili ni ghali. Ukimnyima unabaki na akiba ya kuumba mwingine, ila vitani hutamwamrisha: anamvamia amtakaye, anakimbilia mtego, nawe unatazama. Ukimpa akili anakutii neno kwa neno. Mara ya kwanza nilikuwa bahili, nikawa na kundi la wajinga watano. Wote walikufa kwenye ujia mmoja mwembamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na shabaha yake.

Halafu kuna kanista. Zimetawanyika kisiwani, zinang'aa, na ukiigusa moja inakuandika upya mwilini: uchawi mpya, kiumbe kipya cha kuumba, bila kulipa hata senti ya uzoefu. Sheria za Shapers zinakataza. Ukigusa mbili tatu hakuna kinachotokea. Ukiendelea, siku moja unafungua mazungumzo na mtu mpole, na sentensi ya gemu inakwambia kwamba umemjibu kwa ukali ambao hukuukusudia. Huo mdomo ni wako, ila wewe hukuuchagua. Nilipoliona lile kwa mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Gemu nyingi zinaweka kipimo cha wema na ubaya pembeni ya skrini, chekundu na cha buluu. Hapa hakuna kipimo. Kuna namna watu wanavyoanza kurudi nyuma hatua moja ukiwakaribia.

Nyinginezo nazipitia haraka. Nethergate ya 1998 inakupa Uingereza ya enzi za Warumi na kukutaka uchague upande, Warumi au Waselti; wazo zuri, ramani finyu. Blades of Exile ilikuwa karakana ya kujitengenezea visa vyako, na mimi nilitengeneza kimoja kibaya sana ambacho ninashukuru hakipo tena popote. Avadon, iliyoanza 2011, ilimletea Vogel wachezaji wapya kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, na iPad, ina wenzako wenye manung'uniko yao, lakini njia zake ni nyembamba na mapigano yanafuatana kama foleni. Nimeimaliza ya kwanza, ya pili nikaiachia katikati. Queen's Wish ya 2019 ina wazo jema: nguvu zako za kichawi hazirudi hadi urudi ngomeni, kwa hiyo kila pango ni bajeti. Sura yake ilinichukua siku tatu kuizoea.

Na sura ndiyo lawama ya kudumu. Kiti kile kile, pipa lile lile, mbwa yule yule anahama gemu hadi gemu. Muziki unausikia mwanzoni tu, baadaye ni upepo na matone ya maji. Mwaka 2000 hili lilionekana kama umaskini. Siku hizi naweka redio yangu kwa sauti ya chini na kusoma, maana gemu hizi kwa kweli ni za kusoma. Asiyependa kusoma kwenye skrini asijisumbue, hata demo.

Anayependa, aanze na Avernum: Escape from the Pit, na akiona imemkolea ahamie Geneforge 1: Mutagen. Demo bado zipo kwa gemu zake nyingi, na bado ni kubwa kupita kiasi. Hilo tu ndilo lililobaki la enzi ile, na sidhani kama ni kwa kusahau.

Mimi hivi sasa niko Drypeak, ndani ya Geneforge 2. Nimeapa safari hii sigusi kanista hata moja. Juzi nimepita mbele ya ya kwanza nikiwa na uhai kidogo na viumbe wawili wamekufa. Nikasevu gemu kwanza, nikaisogelea, nikakaa pale muda mrefu mkono uko juu ya kipanya.